Shajara ya mnara wa Kayenze: antena mpya ya televisheni ya kidijitali

Juni, mwanzo wa kazi

Mnara ni wa zamani, mita 60 za chuma chenye rangi nyekundu na nyeupe, juu ya kilima nyuma ya Kayenze, pale wilaya ya Ilemela, mkoani Mwanza, inapomalizikia Ziwa Victoria. Tunashusha antena za enzi ya analojia zilizosahaulika huko juu na kufunga mpya ya kidijitali, itakayorusha kwenye masafa yaleyale ya mtambo wa mjini.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini Mwanza ihitaji mtambo mwingine wakati analojia ilizimwa hapa tangu Februari 28, 2013, miezi 2 tu baada ya Dar es Salaam. Sababu ni mawe. Mawimbi ya UHF, yale yanayobeba televisheni, husafiri karibu sawa na mwanga, hayapindi kona kirahisi, na mkoa huu umejaa vilima vya itale. Zama za analojia mtu aliyekaa nyuma ya kilima aliona picha yenye chenga, akavumilia, na mpira akaufuatilia hivyohivyo. Kidijitali haina chenga. Mawimbi yakifika kiwango kinachotakiwa picha ni safi kabisa. Yakipungua kidogo tu chini ya hapo, kioo kinakuwa cheusi. Anayenunua king'amuzi akiwa kwenye kivuli cha jabali amenunua boksi tupu, na wapo wengi waliotoa hela yao hivyo.

Tatizo hili haliko kwetu peke yetu. Tokyo walikuwa na mnara wa mita 333 uliorusha matangazo kwa miaka zaidi ya 50, lakini majengo marefu yakaota kuuzunguka hadi mawimbi ya kidijitali yakaanza kukwama. Wakajenga Skytree, mita 634, ukafunguliwa Mei 2012, na televisheni zikahamia huko mwaka uliofuata. Wao vivuli vyao walivijenga wenyewe kwa zege. Sisi vyetu tumevikuta, na havihami.

Juni, kwenye makaratasi

Wiki nzima hatujapanda mnara. Tumekaa na michoro, na ninaandika hivi kwa makusudi, maana vijana wanaoingia kwenye kazi hii wanadhani kazi ni kupanda.

Antena mpya ina safu 4, moja juu ya nyingine, na kila safu ina paneli 3: moja inatazama kisiwa cha Ukerewe, nyingine magharibi, nyingine mashariki. Nyuma, upande wa mjini, hatuweki kitu kwa sababu huko mtambo mkubwa unatosha. Paneli moja ni boksi jeupe la faiba lenye urefu wa kama mita 1, ndani yake kuna vijiti 4 vya shaba vinavyorusha mawimbi na nyuma yake bati la kuakisi. Ukiishika kwa mikono ni nyepesi. Mnara hauhesabu uzito peke yake, unahesabu upepo. Paneli 12 ni ukuta mdogo uliotundikwa kileleni, na upepo wa ziwa ukiusukuma, nguvu yote inashuka hadi kwenye bolti za chini.

Kwa hiyo tumehesabu upya kila kiungo. Pembe mbili za chuma zilizo kwenye kimo cha karibu mita 20 zimeliwa na kutu na zitabadilishwa, moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa na egemeo la muda kabla ya ya zamani kufunguliwa. Hapo sitaki haraka. Kule Marekani, vituo karibu 1,000 vililazimika kuhama masafa kati ya 2017 na 2020, na minara mingi ikaimarishwa ili ibebe antena mpya. Aprili 2018, huko Fordland, Missouri, mnara wa karibu mita 600 ulianguka mafundi wakiwa juu yake katika kazi hiyohiyo ya kuimarisha, na mmoja akafa. Nimelisema hilo kwa timu nzima kabla spana haijagusa bolti.

Uingereza nao walipoteza mlingoti wa Emley Moor Machi 1969, barafu ilipoganda juu yake na juu ya nyaya zake. Barafu hatuna. Tuna radi.

Julai, kutafuta udongo

Hapa ndipo kazi ilipotushika, na ninataka kulieleza vizuri.

Usiku, nchi kavu inapopoa kuliko maji, upepo hutoka pande zote za pwani kuelekea katikati ya ziwa. Hewa inakutana huko, haina pa kwenda ila juu, na mawingu ya radi yanajengeka wakati watu wamelala. Wavuvi wa dagaa wanalijua hilo kuliko mhandisi yeyote. Ziwa Victoria ni moja ya sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na chuma kirefu juu ya kilima cha ufukweni kitapigwa. Lazima umeme huo upate njia ya kwenda ardhini bila kupita kwenye mtambo.

Sasa, ardhi iko wapi? Kilima chetu ni itale tupu. Kawaida unapigilia fimbo za shaba mita 2 au 3 na kazi imekwisha. Hapa fimbo inaingia kiganja kimoja, inagonga mwamba, inapinda. Tulipopima ukinzani wa mfumo wa zamani, yaani jinsi ardhi inavyouzuia umeme kupita, tulipata zaidi ya omu 100. Tunachotaka ni chini ya 10.

Mzee mmoja mwenye shamba la mihogo chini ya kilima alikuwa akituangalia tangu asubuhi. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza tunachimba nini. Nikamweleza kuwa tunatafuta udongo unaokaa na unyevu hata kiangazi. Hakujibu. Alichukua fimbo yake akatangulia, tukamfuata kati ya majabali mawili hadi kwenye ufa ambao kwa juu usingeuona. Mkuyu mkubwa umeota humo, mizizi imekumbatia jiwe pande zote. "Mti huu haujawahi kukauka," alisema. "Chimbeni hapa, lakini mizizi msiiguse." Tulichimba kando. Mita 1 chini udongo ulikuwa mweusi, umeshikana, ukiufinya unabaki na alama za vidole.

Tumeshusha utepe wa shaba kutoka mguu wa mnara hadi pale, na tepe nyingine mbili kwenye mifuko ya udongo upande wa mashariki. Tumezifukia ndani ya bentonaiti, udongo laini unaonyonya maji na kuyashika, ili shaba isibaki kavu miezi ya jua. Wapo wanaotumia chumvi na mkaa. Chumvi inashusha kipimo haraka, lakini mvua inaiondoa na shaba inaliwa, kwa hiyo nimeikataa. Kipimo cha mwisho: omu 8. Tepe zote zimeunganishwa kuwa mfumo mmoja pamoja na uzio, jenereta na kibanda cha mtambo, maana vyuma viwili vilivyo karibu visipounganishwa, radi itaruka kutoka kimoja hadi kingine.

Jioni ile mzee alirudi, akaketi juu ya ngoma ya kebo, akaniambia jambo ambalo limebadilisha mradi. "Mwanangu, mnara huu tumekaa nao tangu watoto wetu wakiwa shule ya msingi. Taa yake inaingia mpaka chumbani. Lakini mpira mimi naenda kuangalia kwa shemeji yangu Igombe. Huu mpya utatuona na sisi, au ni wa watu wa visiwani?"

Julai, hesabu ya watu wa chini

Nilipeleka swali lake kwa injinia wetu, mama aliyepanda minara kabla mimi sijamaliza sekondari. Hakushangaa hata kidogo. Alisema hilo ndilo swali ambalo michoro mingi hailijibu, kwa sababu anayenunua antena anauliza itafika mbali kiasi gani.

Mambo yako hivi. Safu 4 zinaporusha kwa nguvu sawa na kwa wakati mmoja, mawimbi yake yanajumlishana kuelekea upeo wa macho, ndiyo maana antena inafika mbali. Ukishuka chini ya upeo kuna pembe ambako mawimbi ya safu za juu na ya safu za chini yanafika yakiwa yamepishana, yanafutana. Hapo pana pengo. Masafa yetu yako karibu na megahezi 500, wimbi moja lina urefu wa sentimita 60. Safu zote kwa pamoja zina kimo cha mita 4.6 hivi. Pengo la kwanza linaangukia nyuzi 7 na nusu chini ya mwelekeo mkuu. Mwelekeo wenyewe tumeuinamisha nyuzi 1 ili nguvu isipotee angani, kwa hiyo pengo liko nyuzi 8 na nusu chini ya upeo. Antena iko kama mita 150 juu ya kijiji. Piga hesabu, pengo linagusa ardhi kilomita 1 kutoka mguu wa mnara. La pili linagusa nusu kilomita.

Nusu kilomita ndipo lilipo shamba la mihogo. Kilomita 1 ni shule, zahanati na nyumba zinazofuata barabara ya kwenda mwaloni, kwa wavuvi.

Wapo watakaosema karibu na mnara nguvu ni kubwa hata pengo lisidhuru. Kwenye tambarare ni kweli mara nyingi. Kwenye mawe si kweli: nyumba iliyo ndani ya pengo na jabali mbele yake inapungukiwa mara mbili. Na watu wa karibu hawanunui antena ya juu ya paa. Wanaona mnara kwa macho, wanaweka ya mezani, ile ndogo, wakiamini inatosha. Wana haki ya kuamini hivyo.

Dawa yake inajulikana, na kampuni zinazotengeneza antena huifanya zikiombwa. Safu moja unaipa nguvu tofauti na nyingine, na unayachelewesha mawimbi yake kidogo kwa kuipa kebo ndefu zaidi. Mapengo hayaondoki, yanajaa kiasi. Gharama yake ni kwamba ncha ya mbali inapungukiwa sehemu ndogo ya nguvu. Oda ya kwanza ilikuwa ya safu sawa kwa sawa. Injinia aliandika barua siku hiyohiyo kuomba kigawanyio kingine cha nguvu na seti nyingine ya kebo, na kazi ikasimama tukivisubiri. Meneja mmoja alilalamika kuhusu ratiba. Akaonyeshwa ramani yenye mduara wa kilomita 1 na paa za mabati zilizomo, akatia saini.

Ningependa hesabu hii ifanywe kwenye kila mnara unaosimama juu ya makazi ya watu. Kufika Ukerewe ni jambo jema. Kumruka jirani uliyemtundikia taa usiku kucha, halina utetezi.

Agosti, kunyanyua

Tunaanza kazi kunapokucha na kuteremka kabla ya saa 5, kwa sababu mchana upepo unageuka, unatoka ziwani na kuongezeka kadiri jua linavyopanda. Paneli ikiwa hewani upepo huo unaigeuza tanga.

Wenzetu wa mbali wana helikopta. Toronto, mwaka 1975, vipande vya mlingoti wa CN Tower vilipandishwa na Sikorsky waliyoiita Olga, na kazi iliyokadiriwa miezi 6 ikaisha kwa wiki 3 na nusu. Paris, Machi 2022, antena ya redio ya kidijitali iliwekwa na helikopta kileleni mwa Eiffel, mnara ukaongezeka kutoka mita 324 hadi 330. Sisi tuna winchi, kapi mbili, nguzo ya kunyanyulia iliyofungwa juu kabisa, na kamba ya pili ya kuvutia paneli isigonge chuma. Kijana anayeshika kamba hiyo chini ndiye mtu muhimu kuliko wote, na haruhusiwi kuongea na yeyote. Redio za mkononi zinatumia maneno manne tu: panda, simama, shusha, funga.

Bolti zote ni za chuma kisichoshika kutu. Kila moja inapakwa grisi kidogo kabla ya nati, maana chuma hicho bila grisi hujiuma, ukifungua miaka 10 baadaye kinakatika. Inakazwa kwa spana ya kipimo, kisha inachorwa mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye bati. Siku ya ukaguzi ukiona mstari umeachana, nati imecheza.

Kebo za safu zimevishwa utepe wa rangi: nyekundu, njano, kijani, buluu. Hii si mapambo. Zimekatwa kwa urefu tofauti ili kuziba yale mapengo, na zikibadilishana mahali, antena itapima vizuri kwenye mashine na bado itawaacha watu wa chini gizani. Kwa hiyo wawili wanazisoma kwa sauti, mmoja juu ya mnara, mwingine chini akiwa na karatasi, kabla ya kila kiungio kufungwa.

Tukapata mgeni wa ziwani pia. Wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kwa wingi hadi kwa mbali wanaonekana kama moshi mweusi, walitufikia asubuhi moja tukiwa na viungio vinne wazi. Wanaingia popote. Mdudu mmoja ndani ya kiungio kinachopitisha wati mia kadhaa anaungua, anaacha mkaa, na mkaa ni njia ya cheche. Tulifunga kila kitu kwa vifuniko vya plastiki, tukashuka, tukasubiri wapite. Baadaye kila kiungio kilifunguliwa tena, kikafutwa kwa spiriti, kikatazamwa kwa tochi.

Agosti, vipimo vya kwanza

Mashine ya kupimia ilionyesha kuwa nguvu inayorudi kutoka kwenye antena ni ndogo kote kwenye masafa yetu, ila kulikuwa na kinundu, yaani nguvu nyingi inayorudi, mahali pamoja. Mashine hiyo inaweza pia kukuambia kinundu kiko umbali gani: mita 58 kutoka kibandani, maana yake kiungio cha mwisho cha kebo kuu. Kilikuja kimefungwa hivyo kutoka kiwandani, pini ya kati haikukaa sawa. Kimebadilishwa, kinundu kimeisha. Pampu ya hewa kavu imewashwa na inasukuma hewa ndani ya kebo kuu ili unyevu wa ziwa usipate nafasi.

Septemba, mitambo miwili, masafa mamoja

Watu wa mjini wamekuwa na wasiwasi kuwa mtambo wetu utavuruga wao, kwa kuwa yote miwili inarusha kwenye masafa mamoja. Enzi za analojia wangekuwa sahihi, ungeona kivuli cha picha juu ya picha. Kidijitali ilitengenezwa ikijua mwangwi upo. Berlin, mji wa kwanza mkubwa kuzima analojia, Agosti 2003, ulikwenda hewani kwa mitambo kadhaa iliyoshirikiana masafa namna hii.

Kila kipande cha taarifa hutanguliwa na muda wa kinga, na mwangwi wowote unaofika ndani ya muda huo hauharibu kitu, unaongezea nguvu. Mpangilio wetu wa DVB-T2, mfumo wa kurusha televisheni ya kidijitali, una kinga ya maikrosekunde 224. Mawimbi yanakwenda mita 300 kwa kila maikrosekunde 1, kwa hiyo kinga inavumilia tofauti ya njia ya kilomita 67. Kati ya mitambo yetu miwili hazifiki kilomita 40. Sharti ni moja: yote ianze kila kipande kwa wakati uleule, na saa inaipata kutoka setilaiti za GPS. Antena ya GPS ya kibandani tumeiweka mbali na mguu wa mnara, na kinga yake ya radi ni ya peke yake. Saa ikipotea, mtambo wetu umepangwa ujizime wenyewe kuliko kuwavurugia wa mjini.

Septemba, hewani

Tumewasha. Kwanza kwa robo ya nguvu, usiku, kisha nguvu kamili asubuhi.

Gari la vipimo lenye nguzo ya mita 10 lilianza mguuni mwa mnara badala ya mwisho wa ramani. Injinia ndiye aliyeagiza hivyo. Kwenye shamba la mihogo, kwa antena ya mezani iliyowekwa dirishani, picha imetulia. Shuleni imetulia. Kwenye barabara ya mwaloni kuna mahali mawimbi yanashuka pale hasa hesabu ilipoonyesha pengo la kwanza, lakini yanabaki juu ya kiwango. Mashua ilikwenda na mtu wetu hadi kambi mbili za wavuvi visiwani, huko nako ni safi. Upande wa Ukerewe nguvu imekuja pungufu kidogo kuliko mchoro wa safu sawa, kama tulivyotarajia, na inatosha kwa antena ya juu ya paa.

Mzee hakusubiri tumwite. Tulimkuta na jirani zake wamekwishatafuta chaneli, taarifa ya habari imewaka, mjukuu ameshika rimoti. Alisema, "Wabheja sana," asante sana kwa Kisukuma, akatuonyesha viti.

Sehemu moja bado haina kitu. Ni nyumba chache upande wa Sangabuye, zimebanwa kati ya jabali refu kuliko paa zake na kilima chetu. Hakuna umbo la antena litakaloingia pale kutoka juu. Injinia anapendekeza kirudishio kidogo cha wati chache juu ya jabali lenyewe, kinachopokea kwetu na kurusha chini, na nimeomba twende kupima kabla bajeti ya mwaka haijafungwa. Wenyeji wamekubali nguzo ikae kwao na wameuliza umeme utatoka wapi. Tutaona kama paneli ya jua na betri zinatosha.

Yaliyobaki kabla ya vuli: kupima ukinzani wa ardhi tena sasa udongo ukiwa mkavu kuliko wakati wowote wa mwaka, kubadilisha taa moja ya katikati ya mnara, maana ndege za Mwanza hazipiti mbali na hapa, na kukagua mistari ya rangi kwenye nati zote 12 za safu ya juu baada ya upepo wa mwezi huu. Gari la vipimo linakwenda Sangabuye Jumatatu.